Marahaba ya Ng'ambo ya Barabara

Nyuma ya karibu kila duka kubwa la vyombo vya muziki kuna mlango wenye pazia zito, na nyuma ya pazia hilo kuna chumba ambacho mtu huingia na akili zake timamu, akatoka na spika asiyoihitaji. Wauzaji wanakiita chumba cha kusikilizia. Mimi ni fundi wa redio, nina karakana ndogo Singida mjini, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiniomba niwasindikize katika vyumba hivyo: wanakwaya, walimu wa madrasa, vijana wa disko, wenye baa. Nimeketi kwenye vyumba kadhaa vya mjini, kimoja cha Manyoni, na kimoja cha Ikungi ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbolea na harufu yake haijatoka. Nimekuja kuvichukia vyote. Lakini nieleze kwanza kwa utulivu, maana hasira isiyoeleza kitu haimsaidii mnunuzi.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuta zimebandikwa zulia, chini kuna zulia, dirisha limezibwa. Kuna sofa moja ya ngozi ya bandia na feni. Umetoka juani, upepo wa Singida umekujaza vumbi mpaka masikioni, halafu unakalishwa kwenye sofa na kupewa soda baridi. Hapo umeshaanza kuipenda spika kabla haijatoa sauti. Kisha muuzaji anachomeka flashi. Angalia vizuri: ni flashi yake, siyo yako. Ndani yake kuna wimbo mmoja anaoupiga kwa kila mteja, wenye ngoma nzito na gitaa la besi linalopapasa kifua. Kifua kikitetemeka, mtu huamini kwamba sikio limesikia.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mtu alijue, na wala halihitaji shule. Ukimpigia mtu sauti ileile mara mbili, na mara ya pili ukaiongeza kidogo sana, kiasi kwamba hatambui kuwa imeongezwa, atakuambia ya pili ni nzuri zaidi. Hatasema ni kubwa. Atasema ni safi, ina uhai. Huo siyo ujinga wake. Ndivyo sikio lilivyoumbwa, la daktari na la mchunga ng'ombe. Muuzaji anajua, na ndiyo maana mkono wake mmoja hauondoki kwenye kitufe. Spika anayotaka uichukue ameiweka kwenye kona, kwa sababu kona hukuza besi. Ile asiyotaka uichukue iko chini, nyuma ya meza, imefunikwa nusu kwa katoni.

Kwa hiyo huwa nawaambia watu: nenda na wimbo wako mwenyewe, unaoujua kama njia ya kwenu. Mwombe aziweke spika zote mahali pamoja. Mwambie aondoe mkono kwenye kitufe. Na usione aibu kusema hujaridhika, hata kama umeshakunywa soda yake. Soda siyo mkataba.

Nayajua haya yote, na bado niliwapotosha watu walioniamini. Aliyeumia hakuwa mimi. Ndiyo maana ninaandika.

Kwetu ni Kinyangiri, kule Mkalama. Kijijini tuna kikundi cha kuzikana, Wakristo na Waislamu pamoja. Kila mmoja huzikwa kwa taratibu za dini yake, lakini sufuria, turubai, viti na vyombo vya sauti ni vya wote. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mkulima wa vitunguu, wa umri wa mama yangu, mjane. Sote tunamwita Mama Mwenyekiti, hata wanawe mwenyewe siku hizi. Masikio yake yameanza kuchoka, ingawa mbele za watu hakubali.

Mume wake alipofariki, kikundi kilikuwa na spika moja kuukuu iliyokuwa ikikoroma. Kwetu, kabla ya maziko, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Anayesoma husimama uani karibu na jeneza. Mjane hukaa na wanawake wenzake ndani au nyuma kabisa ya turubai. Mama Mwenyekiti aliniambia siku moja, akiwa amekuja karakana kwangu na redio yake ya mkulima, "Mwanangu, mimi mazishi ya mume wangu niliyaona, sikuyasikia. Niliona midomo. Miaka arobaini nimekaa na mtu, na siku ya kusemwa mimi ndiye sikusikia alivyosemwa."

Baada ya hapo alikisimamia kikundi kwa jambo moja tu. Wanachama walitaka turubai jipya, akakataa. Walitaka viti, akakataa. Alitaka spika ambazo mjane aliyeketi nyuma kabisa atasikia kila neno. Fedha zilipotimia, alinipigia simu akasema, "Wewe ndiye masikio yetu."

Tulikutana mjini watu watatu: yeye, katibu wa kikundi, na mimi. Katibu ni mwalimu mstaafu, mtu wa faili na kalamu mbili mfukoni, na ndiye anayeandika na kusoma wasifu wote kijijini.

Muuzaji alitupokea mlangoni. Alikuwa mtu mzima mwenzangu, mcheshi.

"Karibuni wazee wangu! Leo mmekuja kuchukua mzigo au kuusalimia tu?"

"Tumekuja kusikiliza," nikasema.

Akatupeleka nyuma ya pazia. Sofa, feni, soda. Akawasha spika mbili ndefu, zilizofika kifuani mwangu, zenye taa za bluu zinazocheza kufuata muziki. Pembeni ziliandikwa wati elfu tatu. Zulia la ukutani lilitetemeka.

"Mama," akasema kwa sauti ya kushinda muziki, "hizi ukiziwasha Kinyangiri, watu wa Iguguno watakuja na zawadi wakidhani kuna harusi!"

"Sisi hatuozi," Mama Mwenyekiti akamjibu. "Tunazika."

Katibu akacheka mpaka soda ikampalia.

Nilijiona mjanja siku ile. Nilimwambia muuzaji atoe flashi yake, aondoe mkono kwenye kitufe, na azitoe spika nje ya kile chumba, barazani, kwa sababu misiba yetu haifanyikii kwenye zulia. Alisitasita, halafu akakubali. Tulitoa jozi tatu: zile ndefu za taa, nyingine za wastani, na nyingine nyeusi zenye magurudumu. Nikamwomba Mama Mwenyekiti avuke barabara, asimame kwenye ukuta wa mashine ya alizeti, kama hatua sitini kutoka barazani. Nikachukua maiki.

Kipimo changu kilikuwa cha salamu. Nilikitumia miaka mingi, na nilikuwa nikikisifia. Unamweka mzee mbali, unamwamkia kupitia spika. Akiitikia bila kuuliza "umesemaje?", spika inasema maneno. Akinyamaza, au akiinua mkono sikioni, spika inapiga kelele tu. Ni kipimo rahisi, hakihitaji mashine.

"Mama Mwenyekiti, shikamoo!"

"Marahaba!" akaitikia kutoka ng'ambo, mkono juu.

Nikabadilisha jozi. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu!"

Nikabadilisha tena. Marahaba. Zote tatu zilifaulu, lakini kwenye zile ndefu za taa marahaba ilitoka haraka zaidi, karibu kabla sijamaliza. Nikamgeukia katibu nikamwambia, "Unaona? Hata masikio yake yamechagua." Muuzaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu. Wakati ule nilidhani anatabasamu kwa ajili ya biashara.

Tukazichukua. Zilisafiri hadi Kinyangiri zimefungwa kwenye magodoro mawili.

Hazikukaa wiki tatu, jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, akafariki. Nilipanda gari kwenda nyumbani, kuzika na pia, nikiri, kusikiliza kazi yangu. Katibu alisimama uani na karatasi. Taa za bluu zikacheza, katibu akaanza kusoma, na turubai zima likajaa mngurumo. Nilikuwa nimesimama karibu, na kwa kuwa nilikuwa naona mdomo wake, nilielewa. Nikaona ni sawa. Kelele ilikuwa kubwa, watu walikuwa wametulia kwa adabu, nikajipongeza.

Baada ya maziko nilimfuata Mama Mwenyekiti jikoni nyuma ya nyumba, alikokuwa akisimamia uji. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, leo mmesikia?"

Alifunika sufuria kwanza.

"Nilikaa na binti wa marehemu," akasema. "Amenishika mkono. Akaniuliza, 'Mama, wanasema nini juu ya mama yangu?' Nikamwambia ngoja, nisikilize vizuri. Nikasikiliza. Mwanangu, ni kama mtu anaongea ndani ya pipa. Yule mtoto ameuliza mara mbili, halafu akaacha kuuliza."

"Lakini mjini ulisikia! Uliitikia!"

"Niliitikia."

"Mara tatu, mama!"

"Uliinama mara tatu." Akanitazama kama anayemweleza mtoto jambo lisilohitaji maelezo. "Niko kule ukutani, nakuona umeshika kile kidude, umeinama, mkono kifuani. Mtu ananisalimia barabarani, mbele za watu, nimwache hivyohivyo?"

Nilisimama pale na moshi wa kuni ukiniingia machoni. Ni kweli, niliinama. Siwezi kusema shikamoo nikiwa nimesimama wima, mama yangu hakunilea hivyo. Na yeye hawezi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Kipimo changu chote kilikuwa kimejengwa juu ya watu wawili wenye adabu. Ningeweza kuinama mbele ya gunia la mahindi, pasiwe na spika hata moja, na marahaba ingekuja.

Nikawaza wanakwaya wote niliowapimia hivyo. Wazee wote wa misikiti. Wangapi waliitikia kwa sababu waliniona nimeinama?

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikachukua bisibisi. Nieleze kidogo hapa. Maneno ya binadamu yana sehemu mbili. Kuna unene wake, ambao hutoka kwenye spika kubwa. Na kuna ncha zake, zile sauti za s, sh, t, k, zinazotenganisha neno na neno. Ncha hizo hutolewa na spika ndogo ya juu inayoitwa twita. Ukiondoa ncha, unabaki na unene mtupu, kama nguo iliyokatwa lakini haijashonwa. Kijana husikia kwa kubahatisha. Mzee, ambaye masikio yake huanza kupoteza zile ncha kwanza, hana hata cha kubahatisha.

Nikafungua skrubu za spika ya kwanza. Ile twita yenye mng'ao wa dhahabu, niliyokuwa nimeiona kwa macho yangu dukani, haikuwa twita. Ilikuwa kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi. Nyuma yake hakukuwa na sumaku, wala waya, wala tundu la waya. Nikafungua ya pili. Vilevile. Waya pekee uliopita juu ulikuwa wa kwenda kwenye taa za bluu. Mtu fulani, kiwandani, alikaa akafikiri, akaamua kwamba watakaonunua hawatajua tofauti, na akaona taa ndiyo inayostahili waya.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona vitu vibovu. Kitu kibovu hakinikasirishi, kitu huharibika. Kile hakikuharibika. Kilitengenezwa kiwe uongo tangu mwanzo, kikapangwa kwenye kona, kikapigiwa wimbo mmoja, kikapewa sofa. Na mimi, fundi, sikufungua hata skrubu moja kabla ya kununua, kwa sababu mzee aliniitikia marahaba.

Tukarudi mjini sote watatu, na spika zetu kwenye magodoro yaleyale. Muuzaji alituona tunashusha, na tabasamu lake likapungua lakini halikuisha.

"Fundi, karibu. Zimefanyaje tena?"

Nikamwonyesha twita. Akaigonga kwa kucha.

"Hizi ndivyo zinavyokuja. Mimi sizitengenezi."

"Lakini unaziuza."

"Nauza zinazotakiwa. Ninyi wa vijijini mnataka kishindo. Nikiweka spika ya maneno, mtu ananiambia mbona haina besi." Akamgeukia Mama Mwenyekiti. "Halafu, bi mkubwa, kipimo kilikuwa cha fundi wenu, siyo changu. Uliitikia marahaba mtaa mzima ukasikia. Wenye mashine ya alizeti ni mashahidi."

"Mimi nilimwitikia huyu," Mama Mwenyekiti akasema, akininyooshea kidole. "Sikuliitikia sanduku lako."

Akacheka, na kwenye kicheko akatoa neno ambalo naamini hakutaka kulitoa. "Wazee wote huitikia, mama. Ndiyo maana sikumkataza."

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, anajua. Sauti yangu ilipanda, na nilisema mambo ambayo katibu aliniomba nisiyarudie. Nilisema kwamba kumcheka mtu kwa ujinga wake ni kosa dogo, kumcheka kwa adabu yake ni kosa kubwa. Hilo sijalijutia. Muuzaji naye akapandisha sauti: mali ikishatoka dukani hairudi, imeandikwa ukutani. Na kweli iliandikwa.

Mama Mwenyekiti hakupandisha. Alipita katikati yetu, akafungua pazia, akaingia chumba cha kusikilizia, akakaa kwenye sofa. Akavua kandambili zake na kuzipanga vizuri.

"Mama, huko kuna wateja wanakuja," muuzaji akasema.

"Si chumba cha kusikilizia? Nasikiliza."

Wateja wakaja kweli, kijana na mkewe wanatafuta redio ya nyumbani. Wakamkuta. Wakamwamkia, naye akaitikia, akawauliza kwao wapi, wakasema Manyoni, akasema mume wake marehemu alifanya kazi relini Manyoni miaka kumi na moja. Halafu, bila kubadilisha sauti, akawaeleza habari ya twita. Wale vijana wakasema asante mama, tutapita siku nyingine. Baada yao akaja mwanakwaya mmoja. Naye alielezwa.

Muuzaji akanivuta pembeni. "Fundi. Chagueni nyingine, tubadilishane, yaishe."

"Tutapima," nikasema.

"Pimeni mpaka kesho, mradi atoke kwenye sofa."

Safari hii sikutaka salamu. Nilieleza utaratibu polepole ili sote tuuelewe. Msomaji atasimama nyuma ya pazia, asionekane. Atasoma kitu ambacho Mama Mwenyekiti hakijui. Yeye atakuwa ng'ambo ya barabara, na kazi yake siyo kuitikia, ni kurudia alichosikia. Asipoelewa aseme hajaelewa, na hilo siyo kosa la adabu.

"Hata kama fundi ameinama?" katibu akauliza.

"Mimi nitakaa chini," nikasema.

Katibu akafungua faili lake. Ndani kulikuwa na wasifu wa marehemu wa kikundi, karatasi zilizopangwa. Akawa anatafuta moja ya kusoma, na Mama Mwenyekiti akaweka mkono juu ya faili.

"Soma ya mzee wangu."

Katibu akamtazama. "Mama, ile..."

"Fundi amesema kitu nisichokijua. Ile siijui. Haikunifikia."

Muuzaji aliacha kuchezea funguo. Mama Mwenyekiti hajui kusoma vizuri, na kwetu ukishamzika mtu siyo rahisi kumwomba mwenzio akusomee tena, kama vile unafukua. Alikuwa ameishi na karatasi hiyo kwenye faili la jirani yake miaka miwili.

Akavuka barabara. Akasimama ukutani, mtandio umefungwa kiunoni.

Tulianza na zile ndefu zetu, kwa haki. Katibu akasoma nyuma ya pazia, taa za bluu zikacheza barazani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, namwona. Alikaza uso. Aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu mwingine. Mwishoni akapaza sauti, "Nasikia ng'ombe zizini tu!" Watu wa mashine ya alizeti wakacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara yake ya pili kutoisikia.

Nikaingia ndani, nikaenda nyuma ya meza, nikaondoa katoni. Palikuwa na jozi ya spika za kijivu, fupi, bila taa, zina vumbi.

"Hizo za mikutano," muuzaji akasema. "Hazina besi. Utanilaumu tena."

Nilifungua skrubu za spika moja kwanza. Twita ilikuwa na sumaku nyuma yake na nyaya zake mbili. Nikafunga, nikazibeba barazani, nikachomeka. Katibu akaanza upya, kwa sauti yake ya darasani.

Maneno yalitoka makavu, membamba, bila uzuri wowote. Kwenye sofa kila mtu angezikataa. Alitaja mahali marehemu alipozaliwa, na kutoka ng'ambo Mama Mwenyekiti akarudia. Alitaja majina ya wazazi wake. Akarudia. Alisema alifanya kazi reli. Akarudia, sauti yake ikawa ndogo, nikaona ameshika ukuta. Nikataka kumwambia katibu aache kusoma. Sikumwambia.

Katibu akaendelea: baada ya kuacha kazi, marehemu alirudi kijijini akaendeleza shamba la vitunguu la bondeni alilolianzisha kwa juhudi zake mwenyewe.

Ng'ambo kukawa kimya. Nikadhani hajasikia.

"Uongo!"

Pazia likafunguka, katibu akatoa kichwa.

"Uongo!" Alikuwa tayari anavuka barabara, pikipiki ikamkwepa. "Nani alianzisha? Lile shamba nimelianzisha mimi! Nina mimba ya mtoto wa tatu, nimeyakata yale majani ya bonde kwa mkono wangu, yeye yuko Manyoni relini! Alirudi akalikuta lina misimu minane!"

"Mama, mimi niliandika nilivyoambiwa," katibu akasema, karatasi kifuani.

"Na nani?"

"Na shemeji zako."

"Shemeji zangu walikuwa wapi nilipokuwa nalima? Mimi ulikuja kuniuliza?"

"Ulikuwa ndani, mama, unalia. Tuliona si vizuri kukusumbua."

"Mlikuja kuniuliza pilau ni kilo ngapi!" Akageuka akanitazama mimi, kisha muuzaji, kisha katibu tena, na wazo jingine likamfikia. "Na kijiji kizima kimesikia hivyo?"

Katibu alikohoa. Ni mtu mkweli. "Kusema haki, mama, kwa ile spika ya zamani, hakuna aliyesikia kitu."

"Afadhali," akasema. Akavuta pumzi. "Afadhali sana. Toa kalamu."

Katibu akakaa kwenye ngazi kando yangu, akaiweka karatasi juu ya paja, akakata ule mstari. Mama Mwenyekiti alisimama juu yake akimpa maneno: shamba lilianzishwa na mke wake, wakati yeye yuko kazini, naye aliporudi alilima pamoja naye kwa moyo wote mpaka mgongo ulipomkataa. "Hilo la mgongo uliandike. Alijituma yule mtu. Sitaki na yeye apunguziwe."

Muuzaji alisogea, akaniuliza chini chini, "Kwa hiyo mnazichukua hizo?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Bado anasikiliza."

Alikuwa amesharudi ng'ambo. Katibu akaingia nyuma ya pazia, akasoma tangu mwanzo, majina, reli, bonde, mke wake, mgongo, watoto watano na wajukuu. Safari hii Mama Mwenyekiti hakurudia neno, na mimi sikumdai. Wenye mashine ya alizeti walikuwa wamezima mashine. Mwanamke mmoja aliyepita na beseni la vitunguu kichwani alisimama, akasikiliza mpaka mwisho, akamsogelea.

"Pole, mama. Ni msiba wa nani?"

"Wa mume wangu," Mama Mwenyekiti akamjibu, na kwenye ngazi nilipokaa nilimsikia vizuri bila spika yoyote. "Ndiyo kwanza natangaziwa."